Draiva ipo kwenye seva, tovuti inasema haipo: kisa cha stoo ya duka la dawa Morogoro

Nianze na meseji iliyoninyima usingizi siku ya kwanza: "could not find driver". Yaani draiva, kile kipande cha programu kinachoiunganisha tovuti na databesi, haionekani. Basi, imeishia hapo. Nimeandika php -m kwenye seva, amri ya kuorodhesha moduli za PHP, naiona kabisa pdo_sqlsrv, draiva ya SQL Server, kwenye orodha, nimetengeneza kafaili ka kujaribia nikakaendesha kwenye terminali na draiva ikaitika, halafu nikifungua tovuti kwenye brauza naambiwa draiva hakuna. Seva ni ileile, msimbo ni uleule, majibu mawili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mama mmoja ana duka la dawa Morogoro, la rejareja na jumla. Kaunta wanatumia programu ya mauzo iliyofungwa na fundi miaka ya nyuma, inakaa kwenye kompyuta ya Windows pale ofisini na data zake zote ziko kwenye SQL Server Express, databesi ya Microsoft toleo la bure. Mama alikuwa anataka vitu viwili, kwanza akiwa safarini aangalie stoo kwa simu, pili zahanati zinazochukua mzigo kwake ziweze kuona kama dawa fulani ipo kabla hazijatuma bodaboda. Alishanunua programu, hakutaka nyingine, na mi nilikubaliana naye kabisa, ukimwambia mtu abadilishe programu ambayo dada wa kaunta ameizoea miaka yote hiyo unamletea balaa dukani. Kwa hiyo tovuti ingekuwa ya PHP, kwa kutumia kiunzi cha Laravel, kwenye seva ya kukodi iliyoko Ujerumani inayotumia Ubuntu 22.04, na ingesoma data kutoka ile kompyuta ya Morogoro. Kusoma tu, kuandika hapana.

Sasa kwa asiyejua, hizi databesi kila moja ina lugha yake ya kuongea kwenye waya. SQL Server inaongea TDS, ambayo asili yake ni Sybase tangu miaka ya 80, MySQL ina yake, PostgreSQL ina yake. PHP yenyewe haijui hata moja kati ya hizo. PDO iliyokuja na PHP 5.1 mwaka 2005 inakupa namna moja ya kuandika, lakini anayekwenda kuongea na databesi ni draiva iliyo chini yake. Na kwa SQL Server ziko mbili zimepandana: pdo_sqlsrv ya upande wa PHP, na chini yake ODBC Driver ya Microsoft. Ukiweka ya juu ukasahau ya chini unaambiwa wazi kwamba moduli inahitaji Microsoft ODBC Driver, na hiyo ni meseji nzuri maana inakutajia kinachokosekana. Ile ya zamani, moduli ya mssql, iliondolewa tangu PHP 7.0 mwaka 2015, ndo maana mafunzo mengi ya zamani ukiyafuata leo unagonga ukuta saa hiyohiyo. Kuna njia nyingine ya FreeTDS, draiva huria isiyo ya Microsoft, kwenye Ubuntu unaweka pakiti ya php8.1-sybase unapata pdo_dblib na inafanya kazi, ila mi nilichagua ya Microsoft kwa sababu ya mambo ya usimbaji (kuficha data zikiwa njiani) na vyeti vya kutambulisha seva ambayo nitayafikia.

Turudi kwenye draiva iliyopo halafu haipo. Nilivyoweka nilifuata php --ini, ikanionyesha folda /etc/php/8.1/cli/conf.d, nikaweka faili langu la 30-pdo_sqlsrv.ini humo. Soma tena hiyo njia, imeandikwa cli. Kwenye Ubuntu PHP ya terminali na PHP inayohudumia tovuti zina folda tofauti za mipangilio, ya tovuti ilikuwa /etc/php/8.1/fpm/conf.d na humo sikuwa nimeweka kitu. Yaani ninapojaribu kwenye terminali naongea na PHP moja, mteja akifungua tovuti anahudumiwa na nyingine ambayo haijawahi kuambiwa habari za hiyo draiva. Dawa yake ni kuweka faili kwenye mods-available halafu kutumia phpenmod, inaunganisha pande zote, kisha unawasha upya php8.1-fpm maana ile huduma inasoma mipangilio wakati inawaka tu. Na hiyo namba 30 mbele ya jina la faili msiidharau, faili zinasomwa kwa mpangilio na pdo yenyewe ni 10, ukipakia pdo_sqlsrv kabla ya pdo unapata lalamiko la "undefined symbol" ambalo halifanani kabisa na tatizo lenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi "draiva nimeweka lakini tovuti haioni", cha kwanza namwambia atengeneze ukurasa wa phpinfo, unaoonyesha mipangilio ya PHP, aufungue kwa brauza, aangalie pale inaposema faili za mipangilio zimesomwa kutoka wapi, halafu aufute huo ukurasa. Terminali isikupe uhakika wa kitu ambacho terminali haihusiki nacho.

Baada ya hapo meseji ikabadilika, ikawa "Login timeout expired". Na hapa ndo penye jambo ninalotaka watu walishike kwenye kisa hiki. Mwenzangu niliyekuwa nafanya naye kazi aliona meseji mpya akasema tumeharibu zaidi, turudishe tulivyokuwa. Nikamwambia hapana, tumesogea. Ile ya kwanza ilikuwa inasema hatujatoka hata mlangoni. Hii inasema draiva imepakiwa, imetoka, imekwenda kubisha hodi Morogoro, hakuna aliyeitika. Meseji za kuunganisha databesi zinakuambia umefika wapi njiani, na kila zinapobadilika kuna kipande cha njia umeshamaliza, kwa hiyo usirudi kukigusa tena. Watu wengi wanapoteza siku nzima hapa, wanabadilisha draiva, wanabadilisha paswedi, wanabadilisha jina la databesi, vyote kwa pamoja, mwisho hata kilichokuwa sawa kinakuwa kibovu na hakuna anayekumbuka mwanzo ilikuwaje.

Kwa nini hakuna aliyeitika? Sababu zilikuwa tatu, zimepangana.

Ya kwanza ni barabara yenyewe. Ofisi inatumia rauta ya laini ya simu, na kwenye laini za hivi mara nyingi kampuni inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo ile kompyuta haina anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuifuata. Ujerumani hawezi kupiga hodi Morogoro, ila Morogoro anaweza kutoka kwenda Ujerumani. Kuna mtu alishauri tutafute laini yenye anwani ya kudumu tufungue poti 1433 kwenye intaneti moja kwa moja. Nilikataa na bado nakataa. Hiyo poti inajulikana dunia nzima kuwa ni ya SQL Server, kuna roboti kazi yao usiku na mchana ni kuzunguka zikijaribu paswedi kwenye poti hiyo, na humu ndani kuna mauzo na madeni ya watu. Tukaweka WireGuard, handaki la siri kati ya kompyuta mbili (VPN), seva ya Ujerumani ikiwa inasikiliza UDP 51820, kompyuta ya ofisini ndo inaanzisha safari na PersistentKeepalive tukaiweka 25 ili njia isifungwe na rauta kukiwa kimya. Kuanzia hapo ofisi inaonekana kwa seva kama 10.8.0.2 na hakuna mtu mwingine anayeiona.

Ya pili ni SQL Server Express yenyewe. Toleo hili likifungwa TCP/IP inakuwa imezimwa, maana linategemea programu iko kwenye kompyuta hiyohiyo, na ndivyo ilivyokuwa kwa kaunta, kwa hiyo wao walikuwa hawajawahi kuwa na shida. Nilipiga netstat, inayoorodhesha poti zinazosikiliza, kwenye ile Windows, 1433 haimo. Ukienda SQL Server Configuration Manager unaiwasha TCP/IP, halafu kwenye IPAll unafuta ile sehemu ya poti zinazobadilika unaandika 1433, maana instansi (SQL Server moja iliyofungwa kwenye kompyuta) yenye jina kama SQLEXPRESS inajichagulia poti yake na inategemea huduma nyingine ya SQL Browser kwenye UDP 1434 kuwaelekeza wageni. Kuipangia poti ya kudumu ni rahisi zaidi na unapunguza kitu kimoja cha kuharibika. Kisha unawasha upya huduma, na hii nilisubiri dada wa kaunta afunge hesabu jioni ndo nikaifanya, siwezi kukata databesi ya duka la dawa foleni ikiwa imesimama.

Ya tatu ilikuwa faiwolu ya Windows, na hii ilinichukua muda kuliko zote kwa sababu sheria niliiweka mwenyewe na kwa macho iko sawa. Poti 1433, ruhusu, kutoka 10.8.0.1 peke yake. Bado kimya. Kumbe ule mtandao wa WireGuard Windows iliuhesabu kama mtandao wa "Public", yaani wa nje usioaminika, na mi sheria yangu nilikuwa nimeiwekea tiki kwenye Domain na Private tu. Nikaweka tiki na kwenye Public, papo hapo nc -vz 10.8.0.2 1433, amri ya kujaribu kama poti iko wazi, ikajibu kutoka Ujerumani.

Kidokezo kidogo hapa kwa wanaotoka kwenye MySQL: kwenye anwani ya SQL Server poti inatenganishwa kwa koma, Server=10.8.0.2,1433, sio nukta mbili. Laravel inakupangia yenyewe ukijaza host na port kila kimoja mahali pake, ila ukiandika kwa mkono ni rahisi kukosea halafu unapewa ileile "Login timeout expired", unarudi kuilaumu faiwolu isiyo na kosa.

Meseji ya tatu: "certificate verify failed", cheti kimejisaini chenyewe. Safi, tumefika getini, sasa tunaulizwa vitambulisho. ODBC Driver 18 ilipotoka mwaka 2022 ilibadilisha tabia, usimbaji unakuwa umewashwa bila kuombwa na cheti cha seva kinakaguliwa, wakati 17 ilikuwa haikulazimishi. SQL Server isiyowekewa cheti inajitengenezea cha kwake, na draiva haikiamini, ina haki. Ukitafuta mtandaoni jibu la haraka ni kurudisha 17, au kuweka Encrypt=no. Mi sikufanya hivyo. Niliacha usimbaji umewashwa nikaweka TrustServerCertificate=true, na nieleze kwa nini, maana hii kitu isinakiliwe kiholela: maana yake ni kwamba data inasimbwa lakini hujathibitisha unayeongea naye ndiye. Kwetu sisi uthibitisho huo tayari unafanywa na funguo za WireGuard, anayeitika kwenye 10.8.0.2 ni mwenye ufunguo wa kompyuta ya ofisi tu. Kama usingekuwa na handaki la namna hiyo, basi kazi ya kuweka cheti cha kweli huikwepi. Ile ya kwetu ni SQL Server 2017. Ingekuwa 2014 kurudi nyuma na haijawekewa apdeti, ingegoma hapo hapo kwa sababu nyingine, TLS (kanuni za usimbaji) ya zamani ambayo Ubuntu za sasa hazikubali.

Meseji ya nne, "Login failed for user". Mlango umefunguliwa, mlinzi anasema jina lako silijui. Kosa namba 18456. Hii kwa makusudi haikuambii sababu, ili mtu anayebahatisha paswedi asipate msaada. Sababu ya kweli inaandikwa kwenye ERRORLOG ya SQL Server yenyewe, kwa hiyo usikae upande wa tovuti unabadilisha paswedi mara ishirini, nenda kasome kule. Kule imeandikwa kwamba seva imepangwa kukubali watumiaji wa Windows tu. Tukabadilisha ikubali na watumiaji wa SQL, tukawasha upya, jioni tena.

Fundi aliyefunga ile programu alikuwa ameandika paswedi ya sa, mtumiaji mkuu wa SQL Server mwenye ruhusa zote, kwenye karatasi imebandikwa nyuma ya kompyuta, na mama akanipa kwa roho safi kabisa. Niliitumia mara moja tu kutengeneza mtumiaji mpya mwenye ruhusa ya SELECT, yaani kusoma tu, kwenye majedwali manne ninayoyahitaji, nikamwomba mama ile karatasi itoke pale. Tovuti ikivamiwa leo, mvamizi anaweza kusoma orodha ya dawa na idadi, hawezi kufuta deni la mtu wala kubadilisha bei. Kama kuna kitu kimoja nisingekubali kujadiliana kwenye kazi hii ni hicho, sa haiingii kwenye .env, faili la tovuti linalotunza paswedi.

Basi data zikaja. Nikampigia mama, shikamoo mama, fungua simu uangalie. Marahaba mwanangu, naona. Akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza, hizi boksi elfu tano za amoxicillin nimezinunua lini?

Niliangalia kwenye skrini yangu, imeandikwa .5000. Safu ya idadi kwenye databesi ni desimali yenye sehemu nne, na dukani kulikuwa na nusu boksi. Draiva ya SQL Server inarudisha desimali kama maandishi, na ikiwa namba ni ndogo kuliko moja sifuri ya mbele haiandikwi. Hiyo nukta kwenye kioo cha simu juani haionekani, unaona 5000. Kwa duka la nguo ni kero tu, ila kwa dawa, zahanati inatuma bodaboda kutoka Mvomero kufuata dawa ambazo hazipo, kuna mgonjwa anasubiri upande wa pili. Nilikasirika sana maana majaribio yangu yote yalikuwa na namba kamili. Kuna mpangilio wa PDO::SQLSRV_ATTR_FORMAT_DECIMALS, ukiuwasha unarudishiwa 0.5000, na juu yake nikaongeza kwenye ukurasa neno zima, "nusu boksi", kwa sababu dada wa kaunta ndivyo anavyosema.

Sikutulia hapo. Wiki iliyofuata mambo mawili yakatokea siku moja. Mchana nilijaribu ripoti ya mauzo ya mwaka mzima, moja kwa moja kwenye databesi ya kaunta, dada akapiga simu programu imeganda, hawezi kutoa risiti. SQL Server kwa mpangilio wake wa kawaida anayesoma anashika kufuli, anayetaka kuandika palepale anamsubiri, na ripoti yangu ilikuwa inasoma jedwali zima. Nikaikata, kaunta ikaendelea. Nilishauriwa niweke NOLOCK kwenye kila kwerii na nikakataa, kwa sababu NOLOCK inakuruhusu kusoma kitu ambacho bado hakijathibitishwa, unaweza kuhesabu mauzo ambayo sekunde moja baadaye yanafutwa, na mi nahesabu dawa. Jioni umeme ukakatika mtaani kwao, kompyuta ikazima, na tovuti nzima ikagoma, hata ukurasa wa mawasiliano, maana kila ukurasa nilikuwa nimeupa kazi ya kwenda Morogoro kwanza na PHP zote zikawa zimekaa zinasubiri mtu asiyekuwepo.

Hapo nikabadilisha muundo wenyewe. Tovuti haiongei tena na SQL Server wakati mtu anafungua ukurasa. Kuna kazi moja ya nyuma inaamka kila baada ya dakika tano, inaunganisha ikiwa na LoginTimeout ya sekunde 5, inasoma stoo, ni dawa elfu mbili na kitu tu kwa hiyo inachukua muda mfupi, inaandika kwenye jedwali la pembeni la MySQL iliyoko hapohapo Ujerumani, na ikishakamilisha zote ndo inabadilisha jedwali la zamani kwa jipya kwa mpigo mmoja. Ikikatikia katikati, jedwali la zamani linabaki. Ripoti nzito inasomwa usiku saa nane duka likiwa limefungwa. Ikishindwa mara tatu mfululizo inatuma ujumbe kwangu na kwa mama, wake umeandikwa "kompyuta ya ofisi haipatikani, angalia umeme au bando", kwa sababu mara nyingi ni kimoja kati ya hivyo viwili na yeye ndiye anayeweza kupiga simu dukani.

Na juu ya kila orodha ya dawa nikaweka muda stoo iliposomwa mara ya mwisho. Mwanzoni niliandika 16:20, mama akasema wale wa zahanati hawatasoma hivyo, andika kama tunavyoongea. Kwa hiyo sasa hivi ukifungua inasema "Stoo ya saa kumi na dakika ishirini jioni", na ikipita nusu saa haijasomwa mstari unakuwa mwekundu na chini yake kuna namba ya kaunta, wapige simu kwanza kabla ya kumtuma mtu wa bodaboda.